Muulize Ami: Bosi ataka nijaze daftari la majukwaa

Ami, shikamoo.

Mimi ni fundi wa majukwaa ya ujenzi, yaani skafoldi, hapa Malindi, umri wangu miaka 34. Kazi hii nilifunzwa na mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama. Siku hizo tulijenga kwa miti ya mvinje na kamba ya katani: nguzo inachimbiwa, mti wa kulala unafungwa, mbao zinatandazwa juu, mnapanda. Mabomba ya chuma nilikuja kuyashika nilipoingia kwa mwanakandarasi niliye naye sasa. Yeye hukarabati hoteli na nyumba za ufuoni, zaidi upande wa Casuarina, mara nyingine Watamu.

Tuko watu tisa na mjomba yumo. Kuongoza huwa naongoza mimi, kwa sababu michoro naielewa kidogo na bosi akipiga simu hunipigia mimi. Lakini barua ya cheo sina, wala nyongeza ya mshahara.

Sasa juzi mhandisi wa mwenye hoteli alikuja saiti akaomba daftari la ukaguzi wa jukwaa. Hatukuwa nalo. Akasema hakuna mtu kupanda mpaka aone jina la msimamizi wa majukwaa anayejua kazi, na ukaguzi ulioandikwa wiki kwa wiki. Kesho yake bosi akaniletea daftari jipya kabisa. Akaniambia kuanzia leo msimamizi ni wewe, na zile wiki za nyuma tangu jukwaa lisimame zijaze pia. Nikamuuliza nijaze vipi na sikukagua? Akacheka, "Si jukwaa limesimama? Basi lilikuwa zima. Andika." Nikamwambia anipe siku mbili tatu. Daftari nimelilaza chini ya godoro na usingizi hauji.

La pili, kuna wakala mmoja wa Mombasa anayeuza kozi ya usimamizi wa skafoldi. Siku tatu, shilingi 85,000, unapewa cheti anachokiita cha kimataifa, kisha anakutafutia kazi Ghuba. Rafiki yangu tuliyekuwa naye Muyeye ameshalipa. Mama yu radhi tuweke rehani kipande chetu cha minazi kule Ganda ili na mimi nilipe. Nilisoma hadi darasa la nane, na Kiingereza changu ni cha kujikokota, kwa hiyo naona pengine hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho.

La tatu ndilo linaloniumiza. Mjomba havai mshipi wa usalama. Husema, "Mimi si punda, sifungwi." Wiki iliyopita nilimwambia mbele ya vijana ajifunge ndipo apande. Akashuka kimya, akanawa mikono, akaenda zake. Siku mbili hakuja. Mkazamjomba akampigia mama, na sasa nyumbani naambiwa nimeota mapembe kwa cheo ambacho hata sijalipwa.

Nitie sahihi au nisitie? Nilipe hiyo kozi? Na nitamsimamiaje mtu aliyenifunza kupanda?

Fundi wa Majukwaa, Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Daftari litoe chini ya godoro, na zile wiki za nyuma usiandike hata herufi moja.

Nakwambia hivyo nikijua njaa ilivyo na bosi alivyo. Kanuni zetu za kazi za ujenzi, zile za mwaka 1984 zilizorithiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, zinataka jukwaa likaguliwe na mtu mwenye ujuzi ndani ya kila siku 7, na tena kila baada ya hali ya hewa inayoweza kulidhoofisha, na ukaguzi uandikwe. Daftari hilo huonekana karatasi tupu mpaka siku mtu atakapoanguka. Siku hiyo maofisa wa idara ya usalama kazini watalitaka kabla hawajataka kitu kingine. Wakikuta sahihi yako kwenye tarehe ambayo hukukagua, uongo huo ni wako peke yako. Bosi atasema, na atakuwa na karatasi ya kuonyesha, kwamba yeye aliweka msimamizi na msimamizi akamthibitishia kila wiki kwamba jukwaa ni zima.

Halafu fikiria huyo mhandisi. Aliomba daftari, akaambiwa halipo, kwa macho yake. Akirudi akute limejaa wiki zote za nyuma kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, atafikiri nini juu yako? Nafasi zilizoachwa wazi hazitamkasirisha, kwa kuwa anajua tayari kwamba kazi hiyo haikufanyika. Bosi wako bado hajaliona hili, na wewe unaweza kumsaidia kuliona bila kumvunjia heshima. Mwambie: "Bosi, zile wiki mhandisi mwenyewe anajua hatukukagua, tukizijaza atatukataa wote wawili. Niruhusu nikague leo jukwaa zima, niandike nilichokiona kwa tarehe ya leo, tuanzie hapo." Hapo umemkatalia uongo na papo hapo umempa njia ya kufungua kazi.

Kisha ukague kweli, na usikubali kuharakishwa. Hapa nitakaa kidogo, maana Malindi ina mambo yake, na kozi iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi haitakutajia yote.

Anza chini. Ufuoni tunajenga juu ya mchanga. Bamba la chuma chini ya nguzo ni dogo, sentimita 15 kwa 15, na mchanga uliolowa hulimeza polepole bila kelele. Kila jozi ya nguzo ilale juu ya ubao mpana, mnene, mzima, wala isiwe vipande vya mawe na matofali vilivyobaki. Angalia maji ya paa na ya bwawa la kuogelea yanamwagikia wapi. Mvua moja kubwa ya masika inaweza kuchimba chini ya ubao, nguzo ikabaki inaning'inia kwenye klempu zake, vile vibanio vya kuunganisha mabomba, huku mtu aliye juu haoni kitu.

Panda sasa kwenye mabomba. Chumvi ya bahari hapa haina huruma. Kutu ya juu juu si tatizo, tatizo ni ile inayobandukana magamba na kuacha mashimo. Bomba la kawaida la jukwaa lina kipenyo cha milimita 48.3. Chuma kikiliwa, klempu haliumi tena sawasawa hata ukaze vipi. Klempu fungua chache kwa kubahatisha, uone nyuzi za bolti. Vijana wana mtindo wa kuchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili wakaze kwa nguvu zaidi. Mtindo huo unazivuta na kuziua nyuzi. Klempu nyingi hutaka mkazo wa nyutoni mita 50 hivi, na spana ya kazi kwa mkono wa mtu mzima inaufikisha bila nyongeza.

Ukutani ndiko ninakokuhofia zaidi. Hoteli nyingi za zamani hapo kwenu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Jukwaa lote hilo linazuiwa lisianguke nje na vile vifungo vya ukutani, na ukuta wa matumbawe haushiki bolti kama zege. Bolti inaweza kuingia vizuri, ikakazika vizuri, na ikachomoka ikivutwa. Kwa hiyo zivutwe kwa kifaa cha kupimia kabla ya kuzitegemea. Penye dirisha, ni afadhali kifungo kipite dirishani kikumbate ukuta ndani na nje. Tena hesabu vifungo kila siku! Mafundi wa lipu hufungua kimoja ili wapitishe kazi yao na hawakirudishi, na hawakuambii. Na kama mmefunika jukwaa kwa wavu ili vumbi lisiwafikie wageni, wavu ule ni tanga. Kusi ikianza kuvuma, jukwaa lililokuwa linasimama kwa vifungo vichache litataka vingi zaidi, na uamuzi wa ni vingapi ni wa mtu mwenye hesabu na mchoro, usiukadirie kwa macho.

Juu, tazama mbao na reli, yale mabomba ya pembeni ya kumzuia mtu asianguke. Uingereza hutaka reli ya juu isipungue milimita 950 kutoka kwenye mbao, na uwazi wowote usizidi milimita 470, ili mtu asichomoke katikati. Ubao wa unene wa milimita 38 usivuke zaidi ya mita 1.5 bila bomba la kuubeba. Vipimo hivyo vizuri uwe navyo kichwani hata kama hakuna aliyekuuliza.

Na uzito. Hapa ndipo wasimamizi wengi niliowaona huanza kubabaika, kwa sababu hesabu haikufundishwa huko kwenye mvinje. Viwango vya Ulaya vinapanga majukwaa kwa madaraja. Daraja la 3, la kazi za kawaida za ujenzi, ni kilonyutoni 2 kwa mita ya mraba, sawa na kilo 200 hivi. Chukua nafasi moja kati ya nguzo na nguzo, urefu mita 2, upana mita 1.2. Hiyo ni mita za mraba 2.4, kwa hiyo kilo 480. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Vijana wakipandisha mifuko 10 wakairundika hapo ili wasisumbuke kupanda tena, wameshapita kiasi kabla hata mtu mmoja hajakanyaga. Hesabu hii unaiweza wewe wa darasa la nane. Ifanye kwa jukwaa lako, iandike kwenye kibao pale panapopandiwa: mwisho mifuko mingapi, watu wangapi.

Ukikuta kasoro, iandike kama ilivyo, na lililorekebishwa uandike limerekebishwa lini. Ukikuta jambo usilolielewa, uandike pia kwamba sehemu hiyo haipandwi mpaka mhandisi aiangalie. Hilo halikushushi.

Haya, cheo. Bosi amekwita msimamizi kwa mdomo. Mwombe barua. Sheria inapozungumza juu ya mtu mwenye ujuzi inamtaka awe na mafunzo na uzoefu, au maarifa ya kutosha, kwa kazi hiyo hasa. Uzoefu unao, tena mwingi. Mafunzo rasmi huna, na hilo mwambie bosi waziwazi ili baadaye asiseme hakujua. Barua itaje mambo ambayo bila hayo cheo ni mzigo mtupu: kwamba una mamlaka ya kusimamisha kazi jukwaani bila kumuuliza mtu kwanza, kwamba utapewa saa za ukaguzi ndani ya muda wa kazi, mshahara wako mpya, na tarehe ambayo atakupeleka mafunzoni. Akikataa hilo la mamlaka, mrudishie daftari. Msimamizi asiyeweza kusema "shukeni" ni karani wa ajali. Na ukirudisha, usigombe. Mwambie utaendelea kujenga kama fundi, atafute mkaguzi mwingine.

Bosi akilia gharama, muulize kama analipa ada ya mafunzo ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Waajiri hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mwajiri aliyelipa anaweza kudai arudishiwe gharama za mafunzo, mradi aombe idhini kabla na mkufunzi awe amesajiliwa na NITA. Makampuni makubwa ya Nairobi yanaijua njia hii sana. Wanakandarasi wetu wa pwani wengi wanalipa na hawarudi kuchukua chao, sijui ni uvivu au ni kuogopa fomu.

Sasa wakala wako. Usilipe, na minazi ya Ganda usiiguse.

Hebu tazama wenzetu wanavyofika huko. Uingereza kuna mpango uitwao CISRS unaotoa kadi za mafundi wa majukwaa. Mtu huanza kama msaidizi. Kwa kawaida huenda kozi ya kwanza ya siku 10, anarudi saitini miezi kadhaa ajenge chini ya wengine, anaenda kozi ya pili ya siku 10, anapimwa akiwa kazini, kisha anatahiniwa kwa vitendo ndipo aitwe fundi. Kozi ya msimamizi yenyewe ni siku 5 hivi, lakini imeketi juu ya miaka hiyo yote. Humo hawafundishi kufunga klempu, wanadhani hayo ulishayamaliza. Wanafundisha sheria, kusoma mchoro, kupanga kazi kwa maandishi, kukagua na kukabidhi jukwaa, kumwokoa mtu aliyening'inia kwenye mshipi, na kuongoza watu. CISRS hao hao wana mpango wa nchi za nje, OSTS, wenye ngazi ya 1 hadi ya 3 kwa mafundi, na kozi za ukaguzi na usimamizi. Huo upo, ni wa kweli, na Ghuba unajulikana. Kwa hiyo wakala anaweza kukutajia jina la kweli akakuuzia karatasi ya uongo.

Muulize. Kituo kitakachonifunza kinaitwaje, na jina lake limo kwenye orodha ya wenye mpango wenyewe? Nitashika mabomba kwa mikono siku ngapi? Nani atanitahini? Kadi yenye picha yangu itatolewa na nani, na mwajiri wa huko ataithibitisha wapi? Kazi ya Ghuba, jina la kampuni ni lipi, na wewe umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kupeleka watu nje? Usajili huo unaweza kuuhakikisha mwenyewe bila kumtegemea yeye. Wakala wa kweli hatakasirika kwa maswali haya. Tena ujue, kampuni kubwa za mafuta na ujenzi huko Ghuba huwatahini wasimamizi upya, kwa maandishi na kwa vitendo, kwa Kiingereza. Mwenye cheti cha siku tatu akikaa kwenye mtihani huo hurudishwa kuwa kibarua kwa mshahara wa kibarua, na deni la nyumbani liko palepale. Rafiki yako wa Muyeye mpe maswali hayo leo, huenda bado hela yake haijatafunwa yote.

Mimi ningekupitisha njia fupi zaidi ya unavyodhani. Nenda NITA ufanye mtihani wa ufundi wa serikali. Hawakudai cheti cha kidato cha nne. Huanzia daraja la III, kisha II, kisha I, na mtu wa miaka yako anaweza kujipima kwenye uashi au useremala, maana kazi hizo umeishi nazo ukizijengea majukwaa. Uliza pia habari ya kutambuliwa ujuzi uliopatikana kazini. Mpango huo upo nchini kwa watu kama wewe hasa, waliojifunza mikononi mwa wajomba zao. Wanaangalia ushahidi wa kazi zako, wanakupima kwa vitendo, wanakupa cheti kilicho kwenye mfumo wa taifa. Kwa hiyo anza leo kukusanya: picha za majukwaa uliyojenga zikiwa na tarehe, barua za waliokuajiri, na hilo daftari ukilijaza kwa ukweli litakuwa ushahidi wako bora kuliko vyote. Ukiwa na cheti, nenda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, husajili mafundi stadi na wasimamizi wa saiti pia. Baada ya hapo kozi ya majukwaa yenyewe, ya kituo kinachotambuliwa, kwa pesa za bosi, utaingia ukiwa na kitu cha kuongezea.

Kiingereza kisikutishe. Maneno ya kazi hii hayazidi mia chache, na nusu yake unayo kwa sababu mabomba na michoro vilikuja nayo. Jioni jioni soma maelekezo ya watengenezaji wa jukwaa mnalotumia, ukurasa mmoja tu, ukiwa na mtoto wa sekondari karibu. Ghuba utakwenda ukitaka, lakini uende kama fundi mwenye karatasi za kwao, usiende kama mtu aliyekimbia deni.

Nimeacha mjomba mwisho kwa kuwa ndiye mgumu, na kwa kuwa yuko sahihi kidogo.

Usishtuke. Mshipi wenye kamba ya mita 2 na kifyonza mshtuko unataka nafasi ya karibu mita 6 chini yako ili ukuzuie kabla hujafika ardhini. Mtu aliye mita 4 juu, aliyejifunga kwenye bomba la miguuni, ataanguka hadi chini akiwa amefungwa vizuri kabisa. Nadhani mjomba amewahi kuona hilo, au mwili wake umelijua. Ukimwambia "jifunge" bila kumwambia wapi, yeye anasikia mtoto anayekariri. Mwambie unataka reli ziwekwe kabla mtu hajakanyaga ngazi mpya ya jukwaa, na penye kukosekana reli mtu ajifunge juu ya kichwa chake, kwenye bomba lililokwisha kukazwa. Ukilieleza hivyo atakuona umekomaa, na huenda akakuongezea alilolijua yeye. Lakini mwisho wa mazungumzo amri ibaki amri. Sheria ya 2007 inamtaka na mfanyakazi avae kinga aliyopewa, si mwajiri peke yake aliyebanwa. Vijana nao wanamtazama yeye zaidi kuliko wewe. Akipanda mtupu, na wao watapanda watupu, na hao hawana miaka yake ya kuwaokoa.

Kosa la wiki iliyopita halikuwa katika ulichosema. Ulikisema mbele ya watoto wa watu. Mjomba hasahihishwi hadharani, hilo unalijua, hata kama saiti ina haraka. Nenda kwake nyumbani, usiende mikono mitupu, sukari na majani ya chai yanatosha. Kaa chini kwanza. Mwombe radhi kwa mahali ulipomwambia, ila usiombe radhi kwa neno lenyewe. Kisha umpe kazi yenye heshima inayohitaji macho yake: awe ndiye anayechagua mbao na mabomba kabla hayajapandishwa, akatae bovu, na neno lake hapo likiwa la mwisho hata kwako. Mtu aliyejua kuutambua mvinje wenye ufa ndani kwa kuugonga tu atakufaa sana hapo chini, na umri wake haumtaki tena kuning'inia. Akisema bado anataka kupanda, apande, amefungwa.

Akikataa kata kata? Basi siku hiyo hapandi, na wewe huandiki kitu kingine kwenye daftari zaidi ya hicho. Mshahara wake usiuguse, mpe kazi ya chini. Mama atanuna. Mweleze kwamba mjomba akianguka kwenye jukwaa lenye sahihi yako, kuna fidia ya sheria ya majeraha kazini, na hata akifa au akilemaa kabisa hesabu yake ni mapato ya miezi 96, halafu muulize kama angependa kaka yake ageuzwe hesabu hiyo. Atakuelewa. Ila kabla ya kwenda kwa mjomba, mpigie mkazamjomba mwenyewe. Ujumbe wote umepita kwa mama mpaka sasa, na yule mama ndiye aliyekaa siku mbili na mume aliyeudhika ndani ya nyumba.